Nani anabeba deni la mazingira? Hesabu ya Butembo na Beni

Kilima kikibomoka mu Butembo, ao mvua ikibeba mbegu mu mashamba ya Beni, maneno mawili yanasikika upesi ku soko na ku redio. Moja linasema: ni mabadiliko ya tabianchi, ni viwanda vya inchi tajiri. Lingine linajibu: hapana, ni sisi wenyewe, tulimaliza miti. Watu wanabishana, kisha kila mmoja anarudi kwake, na mtaro unabaki umejaa takataka vile ulivyokuwa.

Katika ukurasa huu, ndugu msomaji, tunatenganisha mambo hayo, kwa sababu kuna madeni mawili. La kwanza ni deni la hewa: joto la dunia nzima, lenye limeletwa na moshi wa zaidi ya miaka 150. La pili ni deni la udongo: pori lenye linakatwa, kilima chenye kinajengwa bila mpango, mto wenye unajazwa uchafu. Wadeni wa madeni hayo si wamoja. Mtu akiyachanganya, wote wanapona. Tajiri wa mbali anaonyesha kidole mchoma makala, mkubwa wa hapa anasingizia mvua, na raia anasema yote ni kazi ya Leta.

Deni la hewa

Tangu viwanda vianze Ulaya, watu wanachoma makaa ya mawe, petroli na gesi. Moshi wake una hewa ya kaboni, yenye inakaa angani miaka mingi sana na kuzuia joto lisitoke. Njo maana hatuwezi kuhesabu moshi wa leo peke yake. Moshi wa viwanda vya zamani ungali juu ya vichwa vyetu.

Kwa hesabu ya tangu mwanzo, Marekani peke yake ilitoa karibu robo ya kaboni yote ya makaa ya mawe, petroli na gesi. Kwa hesabu ya mwaka mmoja wa siku hizi, China ndiyo ya kwanza, na karibu theluthi moja. Afrika nzima haifiki 4 kwa mia. Mkaaji mmoja wa Marekani anatoa karibu tani 14 kwa mwaka. Kwetu Kongo, ukigawanya moshi huo kwa watu wote, mtu mmoja hafikii hata sehemu ya kumi ya tani moja.

Jambo hili si malalamiko yetu tu. Liliandikwa katika mkataba wa tabianchi wa mwaka 1992, ule wa Rio de Janeiro: wajibu ni wa inchi zote, lakini hauko sawa kwa zote. Tena, tarehe 23 mwezi wa saba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilitoa maoni yake juu ya swali lenye lilianzishwa na inchi ya visiwa ya Vanuatu na kupitishwa na Umoja wa Mataifa. Ilisema inchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na inchi yenye inavunja wajibu huo inaweza kudaiwa fidia. Maoni hayo si hukumu ya kulazimisha, lakini ni fimbo ambayo wanasheria wanaweza kuishika.

Kwetu, shahidi wa deni hili anaonekana kwa macho siku mawingu yakifunguka: mlima Ruwenzori. Mwaka 1906, wakati Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda na kupima vilele vyake, barafu ya mlima huo ilifunika karibu kilomita mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita mraba moja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu ya Ruwenzori, ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inaweza kwisha yote katika miaka ya 2040. Mito inayotoka mlimani inalishwa zaidi na mvua kuliko barafu, basi haitakauka kwa sababu hiyo peke yake. Lakini barafu ile haikuyeyushwa na mbabula za Beni. Hapo deni ni la wengine.

Lakini pori likihesabiwa?

Hapa tuseme ukweli wote. Hesabu ya juu ni ya moshi wa viwanda, magari na mashini. Mti nao umeficha kaboni ndani yake. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo inarudi hewani. Wataalamu wakihesabu uharibifu wa pori na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, Kongo inapanda juu sana: iko katika inchi tatu za kwanza, pamoja na Brazil na Indonesia. Katika miaka ya karibuni, inchi yetu inapoteza karibu nusu milioni ya hekta za pori la asili kila mwaka.

Sababu kubwa inajulikana: kilimo cha kufyeka na kuchoma, pamoja na kuni na makala ya kupikia. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba Kongo haina mkono kabisa, asikubaliwe. Lakini mtu akituambia kwamba mkulima wa Oicha na tajiri wa mbao wana wajibu sawa, naye asikubaliwe.

Ili kupima wajibu wa kila mmoja, tunaweza kutumia maswali matatu. Nani alitenda? Nani alipata faida? Nani alikuwa na uwezo wa kufanya vingine? Mwenye anajibu «ndiyo» mara tatu, mzigo wake ni mzito. Mwenye anajibu «ndiyo» mara moja, mzigo wake ni mwepesi, hata kama shoka lilikuwa mkononi mwake.

Njia ya ubao

Tuanze na ubao. Miti mikubwa inatoka mu pori la Mambasa kule Ituri, mu Beni, na upande wa Manguredjipa mu Lubero. Inapasuliwa palepale porini na mashini, inabebwa ku kichwa ao ku pikipiki mpaka ku barabara, kisha gari kubwa linaipeleka Beni na Butembo. Kutoka hapo sehemu kubwa inavuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda, na nyingine inafika Kenya.

Mwenye shamba anauza mti kwa bei ndogo kwa sababu anatafuta pesa ya shule ao ya hospitali. Mkataji analipwa kwa siku. Mbebaji analipwa kwa ubao. Faida inakua kadiri ubao unavyoenda mbali na kisiki chake. Kwa kipimo cha pili, basi, mnunuzi mkubwa na soko la mbali wana wajibu kuliko kijana mwenye anashika mashini.

Sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002 inasema misitu ni mali ya Leta, na mkataji mdogo naye anapaswa kuwa na kibali. Basi kila ubao wenye unapita bila karatasi umepita mbele ya macho ya mtu mwenye kazi ya kuuliza karatasi hiyo. Mtu huyo naye yumo katika hesabu. Yeye hakukata mti, lakini alikuwa na uwezo wa kufanya vingine.

Sheria hiyo imefungua pia mlango kwa raia. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu kijiji kuomba pori lake kama msitu wa jamii, mpaka hekta 50 000, na kulisimamia chenyewe. Kijiji chenye kina karatasi hiyo kinaweza kumwambia mnunuzi hapana, ao kupanga bei naye.

Makala na mama mpishi

Makala ndiyo jambo lenye linaletea watu wadogo lawama nyingi. Muji wa Butembo, wenye watu wengi sana, unapika kwa makala na kuni. Mama mwenye ananunua gunia ao ndoo ya makala anatenda, ndiyo. Lakini faida yake ni chakula cha watoto, na uwezo wake wa kuchagua ni mdogo kama hakuna waya wa umeme ku nyumba yake, ao kama bei ya umeme inapita mfuko wake.

Tena si makala yote yako sawa. Vilima vinavyozunguka Butembo vina mikaliptusi mingi yenye ilipandwa na watu. Kukata mti wenye ulipanda na kupanda mwingine ni mavuno. Kukata pori la asili bila kurudisha kitu ni kula mbegu. Tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF ulisaidia wakulima karibu na Hifadhi ya Virunga kupanda miti ya makala ku mashamba yao, ili pori la hifadhi lipumuzike.

Maji ya milima yetu nayo yanaweza kutoa umeme. Mutwanga ina vituo vidogo vya umeme wa maji vyenye vilijengwa upande wa hifadhi, na mu Lubero kuna kituo cha Luviro. Kila nyumba yenye inapata umeme wa bei nzuri ni gunia za makala zenye hazitakatwa. Kwa hiyo swali la makala linapaswa kwenda kwanza kwa wenye wanapanga umeme, kisha kwa mama mpishi.

Kilima na mtaro

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilifurisha mito ya Kalehe, mu Kivu ya Kusini. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilibebwa, na watu zaidi ya 400 walikufa. Watu wengi walisema palepale: ni tabianchi. Kundi la wanasayansi lenye linaitwa World Weather Attribution lilijaribu kupima kama joto la dunia liliongeza mvua ile. Halikuweza kujibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya sehemu hiyo ni vichache mno.

Funzo hili ni la Butembo na Beni pia. Bila kituo cha kupima mvua, hatuwezi kumdai mtu wa mbali, kwa sababu hatuna ushahidi mkononi. Wajibu wa kupima hali ya hewa ni wa Leta, kupitia shirika lake la METTELSAT. Chombo cha kupima mvua ni kitu kidogo, lakini siku ya kudai fidia ndicho kitakuwa shahidi.

Tena mvua peke yake haiui watu wengi namna ile. Inaua pale kilima kilipopoteza miti, pale nyumba ilipojengwa ku mteremko mkali ao ku ukingo wa mto, na pale maji yalipokosa njia. Mu muji wa Butembo, wenye umekaa juu ya vilima, kiwanja cha kando ya mto kina mwenye alikiuza, kina mwenye alipima, na kina mwenye alitia sahihi. Hao wana majina na ofisi. Mvua haina ofisi.

Na mtaro je? Amri ya serkali ya mwezi wa kumi na mbili 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Mifuko ingali inaonekana ku mitaro yetu na mu mto Kimemi. Hapa deni linagawanyika: mwenye aliingiza mifuko ku mpaka, mwenye aliiacha ipite, muuzaji, na sisi wenye tunaitupa njiani. Kwa deni hili hatuwezi kuitafuta Marekani.

Vita nayo

Mtu hawezi kuandika juu ya mazingira ya Beni bila kutaja vita. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yamefukuza watu wengi ku mashamba yao. Wenye walikimbilia Oicha, Beni ao Butembo wanahitaji kuni, miti ya kujengea na kipande cha shamba karibu na muji. Vilima vya karibu vinachoka upesi. Kwa mkimbizi, swali la tatu lina jibu moja tu: hakuwa na uwezo wa kufanya vingine.

Kwa mwenye silaha, jibu ni lingine. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi jinsi watu wenye silaha wanavyofaidika na mbao, kakao na dhahabu ya mashariki. Tena pale kuna risasi, mlinzi wa pori hafiki, na mtu wa mazingira hafiki. Kumaliza vita ni kazi ya kwanza ya mazingira mu Beni.

Sheria inasema nani ajibu?

Tuweke karatasi mezani:

– Katiba ya 2006, kifungu cha 53: kila mtu ana haki ya mazingira mazuri, na kila mtu ana wajibu wa kuyalinda. Leta inasimamia ulinzi huo.

– Sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011: mwenye anachafua njo mwenye kulipa.

– Sheria ya ardhi ya 1973: udongo ni mali ya Leta. Basi Leta haiwezi kusema kwamba haikujua nani anajenga wapi.

– Sheria ya 2008 juu ya miji, komine, sekta na usultani: barabara za muji, mitaro na usafi ni kazi za karibu, za muji na komine. Kinshasa ina kazi nyingine.

Hizi sheria si siri. Raia, shirika la raia ao kamati ya mtaa inaweza kuzitaja ikiandikia meya, mkubwa wa komine ao mwami barua.

Pesa zenye ziliahidiwa

Kwa deni la hewa, ahadi zipo. Mwaka 2009, kule Copenhagen, inchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020. Zilifika kiasi hicho mwaka 2022 tu, miaka miwili nyuma ya ahadi. Mwaka 2022, kule Sharm el-Sheikh, inchi zilikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa wenye waliumizwa. Mwaka 2024, kule Baku, lengo jipya lilikuwa dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Kongo yenyewe, kule Glasgow mwaka 2021, ilikubaliana na mfuko wa CAFI juu ya dola milioni 500 kwa ajili ya misitu, mpaka 2026.

Nayo Kongo iliahidi kupunguza hewa chafu kwa 21 kwa mia kufikia 2030. Lakini angalia vizuri: 2 kwa mia ndiyo itafanya kwa nguvu zake, na 19 zinategemea msaada. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 serkali iliweka ku mnada sehemu za petroli, nyingine zikigusa Virunga, hifadhi ya tangu 1925. Mnada ule ulifutwa 2024, kisha mwaka 2025 sehemu 52 zikatangazwa upya. Mwenye anaomba msaada wa kulinda pori kwa mkono mmoja na kuuza petroli ya chini yake kwa mkono mwingine anapaswa kueleza raia hesabu yake.

Kakao ya Beni na deni la Ulaya

Kuna sehemu moja ambapo madeni yote mawili yanakutana: kakao. Kisha ugonjwa wa kukausha kahawa kuharibu mashamba, wakulima wengi wa Beni waliingia ku kakao. Leo kakao inalisha nyumba nyingi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria yenye inakataza kuingiza kakao, kahawa ao mbao kutoka shamba lenye lilifyekwa pori kisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo.

Ni haki Ulaya kukataa bidhaa ya pori lililokatwa. Lakini mzigo wa kuonyesha ramani ya shamba unaangukia mkulima wa hekta moja ao mbili, mwenye pengine hawezi kulifikia shamba lake kwa sababu ya vita. Hapo mnunuzi, ushirika na serkali wanapaswa kulipa kazi ya ramani. Mkulima naye ana fungu lake: asifyeke pori jipya, apande kakao mu shamba la zamani, chini ya kivuli cha miti mikubwa.

Maswali ya kuuliza

Siku jambo likitokea kwenu, kabla ya kusema «ni tabianchi» ao «ni sisi», ulizeni hivi:

– Kiwanja ao pori hilo lilikuwa na kibali? Nani alitia sahihi?

– Nani alipata pesa nyingi kuliko wote?

– Nani alionywa mbele, na hakufanya kitu?

– Kuna mtu mwenye aliandika tarehe, kiasi cha mvua, hasara na majina? Kama hakuna, kamati ya mtaa inaweza kuanza leo kwa daftari na kalamu.

– Kazi gani iko ndani ya uwezo wetu wiki hii: mtaro, miti, takataka, barua?

Deni la hewa litadaiwa mbali, na mawakili na wajumbe wa inchi, na litachukua miaka. Tusiliache. Lakini deni la udongo lina wadeni wenye tunawasalimia kila siku: mwenye gari la mbao, mwenye ofisi ya viwanja, mkubwa wa mtaa, jirani, na mimi na wewe. Huyo wa karibu anaweza kuulizwa kesho asubuhi.